Mwongozo kamili wa neno la Kiingereza "make": lilikotoka, linavyotumika, na kwa nini -sha na -za zetu ndio njia fupi ya kulielewa

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa fomu wani hapa Dar "make" maana yake nini atakujibu fasta, kutengeneza. Hajakosea, ila jibu hilo hilo ndilo linalokuja kumkwamisha mbele ya safari. Maana simu ikiharibika akaipeleka kwa fundi Kariakoo anakuja kusema "I made my phone", na anayemsikiliza anaelewa kwamba huyu ameiunda simu mwenyewe kuanzia kioo mpaka betri. Alafu siku foleni ya Ubungo ikimchelewesha anatafuta neno halioni, kwasababu pale hakuna kitu kilichotengenezwa, anaishia "the jam late me". Wakati "make" ndio lilikuwa linahitajika pale pale!

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza Sinza, na katika vitenzi vyote hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine, sababu mtu akikielewa vizuri Kiingereza chake kinabadilika mpaka wenzake wanamuuliza umefanyaje. Na njia yenyewe tayari tunayo mdomoni toka utotoni, ni kile kimkia cha -sha na -za. Chekesha, liza, furahisha, chelewesha. Sehemu kubwa ya "make" inakaa humo, kwenye "tengeneza" kuna sehemu ndogo tu. Nitaenda hatua kwa hatua, chukua daftari na kalamu, simu iweke mbali kidogo.

HATUA YA 1: Jua limetoka wapi

Watu wengi huwa wanaruka hapa wanataka sentensi tu, mi nakuomba usiruke. "Make" ni neno la asili kabisa la Kiingereza, halikuazimwa Ufaransa wala Roma. Kwenye Kiingereza cha Kale, yani kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, liliandikwa "macian", na ndugu zake mpaka leo wapo hai, Wajerumani wanasema "machen" na Waholanzi wanasema "maken". Wataalamu wa asili za maneno wanarudi nyuma zaidi mpaka kwenye mzizi wa kale sana wanaouandika mag-, wanaoufasiri kuwa ni kukanda au kufinyanga. Fikiria unga wa chapati chini ya kiganja, au mtu anakandika nyumba ya udongo. Kwaiyo toka mwanzo neno linahusu mikono inayochukua kitu kilichopo na kukibadilisha hali, unga ukawa donge, udongo ukawa ukuta. Hilo shika sana, KUBADILISHA HALI, kwasababu hatua ya 4 yote imesimama juu yake.

Enzi hizo "macian" wala halikuwa neno kubwa. Kazi nyingi za kuunda na kufanya zilikuwa za "wyrcan", ambalo ndilo lililotuachia "work". Baadae "make" likapanda na kumsukuma mwenzake pembeni.

"Create" lenyewe ni mgeni, limetoka Kilatini "creare" na limeingia kwenye Kiingereza karne ya 14. Ukitaka kuona tofauti yao fungua Mwanzo sura ya kwanza. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, mstari wa kwanza inasema "God created the heaven and the earth", ukifika mstari wa 26 inasema "Let us make man". Biblia yetu ya Kiswahili nayo imetenganisha vilevile, pale juu "aliziumba mbingu na nchi", huku chini "na tumfanye mtu kwa mfano wetu". Ni kwasababu hata kwenye Kiebrania ni vitenzi viwili tofauti. Basi ukiwa kwenye maisha ya kawaida, chai, viatu, kelele, maamuzi, tumia "make". "Create" iache kwa kitu kipya ambacho hakikuwepo, wazo, ajira, akaunti, sanaa.

Kitu kingine kizuri, kule Scotland mshairi kwa lugha yao ya Scots anaitwa "makar", yani mfanyaji, na mshairi wa taifa anapewa cheo hicho hicho rasmi toka 2004.

HATUA YA 2: Maumbo na matamshi

Make, made, made. Yanatamkwa meik, meid, meid. Wanafunzi wengi wanasema "maked" na wanachekwa, ila wanaowacheka hawajui kwamba zamani ilikuwa hivyo kweli, iliandikwa "makede" na "maked", ni vile watu walivyokuwa wanaongea haraka ile k ikamezwa ikabaki "made". Leo ni kosa, andika "made", ila usimdharau mtoto aliyesema "maked" maana kichwa chake kinafuata kanuni.

Na yule anayesoma "make" kama Kiswahili, ma-ke, naye kwa mtu wa Uingereza wa miaka 700 iliyopita angesikika karibu sawa kabisa. A ilikuwa aa ndefu na ile e ya mwisho ilikuwa inatamkwa. Alafu ile e ya mwisho ikanyamaza, na kuanzia miaka ya 1400 mpaka 1700 hivi irabu ndefu za Kiingereza zikahama zote, aa ikaja kuishia kuwa ei. Ndio maana name, cake, take, make zote zinaandikwa a zinasomwa ei. Ukielewa hilo moja umeshapona kwenye maneno mamia.

HATUA YA 3: Maana ya kuunda, na vile vineno vinavyofuata

Hapa ndipo "tengeneza" inapokaa sawa. She makes chairs. We make bricks. Shida sio "make", shida ni kinachokuja nyuma yake.

"Made of" ni pale ambapo ukikiangalia kitu bado unaiona mali ghafi yake. Kinyago cha Mwenge "is made of blackwood", maana mpingo bado unauona na ukikinyanyua unausikia uzito wake. "Made from" ni pale mali ghafi imegeuka haitambuliki tena, ugali "is made from maize flour", karatasi "is made from wood". "Made out of" hutumika sana pale kitu kimechukuliwa kwenye matumizi mengine, na mfano wetu mtamu ni katambuga, "sandals made out of old tyres". Ukigeuza sentensi uanze na tairi unasema "old tyres are made into sandals". Na "made with" ni viungo, chai "made with milk and ginger".

Jikoni nako pana mtego. Chai, kahawa, chapati, juisi, sosi, breakfast, vyote "make". Wali na nyama sema "cook", mkate "bake". Chips mayai "make" inakaa vizuri kabisa.

Sasa mtego mkubwa wenyewe. "Tengeneza" ya Kiswahili ina maana mbili, kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika, na "make" haina hiyo ya pili kabisa. Fundi anatengeneza friji, "he is fixing the fridge", au "repairing". Nywele nazo, "she does hair". Kabla hujaandika "make" jiulize swali moja tu, hiki kitu kilikuwepo kabla? Kama kilikuwepo na kiliharibika, achana na "make".

HATUA YA 4: Kimkia cha -sha na -za (kaa hapa muda mrefu kuliko kote)

Angalia vizuri:

Umenichekesha. You made me laugh.
Amemliza mtoto. He made the child cry.
Foleni imenichelewesha. The traffic made me late.
Joto linanichosha. The heat makes me tired.
Habari imenifurahisha. The news made me happy.
Wamerahisisha kazi. They made the work easier.

Unaona kinachotokea? Kiswahili kinabandika sababu nyuma ya kitenzi kwa silabi moja, Kiingereza kinaiweka mbele kama neno zima, na neno hilo ni "make". Cheka ikapata -sha ikawa chekesha, laugh ikapata "make" mbele yake ikawa make laugh. Ni ule ule mkono unaokanda unga, ila sasa unamkanda mtu, ulikuwa umenyamaza nimekuchekesha, hali yako imebadilika.

Grama yake iko hivi. Make, alafu mtu, alafu kitenzi kikavu bila "to" na bila -ing. "You made me laugh", sio "made me to laugh" wala "made me laughing". Kama mbele ni sifa, "happy", "late", "tired", unaiweka hivyo hivyo bila "to be".

Ile "to" inayowasumbua watu zamani ilikuwepo kweli. Zaburi ya 23 kwenye King James inasema "He maketh me to lie down in green pastures", na wengi tumeikariri kanisani hivyo, ndio maana inaponyoka mdomoni. Tazama Kiswahili chake, "katika malisho ya majani mabichi hunilaza". Hunilaza! Maneno sita ya Kiingereza yamekaa kwenye neno moja, na ile -za ndani yake ndio "maketh" yenyewe. Kiingereza cha leo kimeitupa hiyo "to", isipokuwa sehemu moja, ukitendwa inarudi. "Nilisubirishwa", "I was made to wait". Hapo ukiisahau ndio kosa. Kanuni ni fupi, ukimfanya mtu hakuna "to", ukifanywa wewe weka "to".

Sasa usikimbilie kugeuza kila -sha kuwa "make" maana utaumia. Kuna makundi matatu na hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Chora safu tatu.

Safu ya kwanza ni zile zenye "make" kweli, hasa hisia na hali, kama nilizoandika juu. Ongeza kasirisha, huzunisha, fikirisha.

Safu ya pili ni zile ambazo Kiingereza kina neno lake tofauti kabisa. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend", usiseme "make me borrow ten thousand" hata siku moja. Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". Ona ni "see", onyesha ni "show". La ni "eat", lisha ni "feed". Shuka na shusha nazo, konda akipiga kelele "shushaaa" na wewe umekaa na mgeni, mwambie "he is telling the driver to drop someone off". Somesha nayo ina mambo yake, baba amenisomesha maana yake amelipa ada, kwaiyo "my father paid for my education", ukisema "made me read" utakuwa umemshtaki mzee.

Safu ya tatu ni pale Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa pande zote. Maji yanachemka, "the water is boiling", nachemsha maji, "I'm boiling water". Gari limesimama na amesimamisha gari, zote "stop". Kuamka na kuamsha, zote "wake up".

Na kuna utamu mmoja ambao vitabu vingi vya shule havisemi. Ukitumia "make" pale ambapo kuna neno la safu ya pili au ya tatu, sentensi haifi, ila inaongeza maana ya kulazimisha. "She fed the baby", alimlisha mtoto. "She made the baby eat", mtoto alikuwa hataki, alimlazimisha. "He stopped the car" ni dereva mwenyewe, "he made the car stop" inaleta picha ya mtu aliyejitupa katikati ya barabara. Kwaiyo "make" inabeba harufu ya nguvu, kuna upande uliokuwa unakataa au angalau haukupanga. Kicheko kinatoka bila wewe kutaka, foleni inakuchelewesha bila ridhaa yako, ndio maana zinakaa vizuri na "make".

Kinyume chake, -sha yetu mara nyingine ni msaada mtupu. Bibi akisema "nivushe barabara mwanangu" pale Morogoro Road, hiyo ni "help me cross". Ukimtafsiria "make me cross" umeharibu, tena kwa Kiingereza hiyo inasikika kama niudhi, maana "cross" pia ni mtu aliyekasirika.

HATUA YA 5: Kiingereza nacho kilikuwa na -sha yake

Hii ndio inayonifanya nilipende hili neno. Zamani sana Kiingereza na ndugu zake walikuwa wanabandika kimkia cha sababu kwenye kitenzi kama sisi, na kile kimkia kikawa kinaibadilisha irabu ya ndani kabla chenyewe hakijapotea. Mabaki yake yapo mpaka leo. Lie ni lala, lay ni laza. Sit ni kaa, set ni weka, yani kalisha. Fall ni anguka, fell ni angusha, ndio maana kukata mti kunaitwa "fell a tree". Drink ni nywa, na drench, ambayo leo ni kulowesha chapachapa, mwanzo ilikuwa nywesha!

Ile njia ilipokufa lugha ikabaki bila kimkia hai cha kubandika kwenye vitenzi, na "make" ni miongoni mwa maneno yaliyoziba lile pengo. Kwaiyo "lie" na "lay" zikikuchanganya, na zinawachanganya mpaka Waingereza wenyewe, wewe sema lala na laza, utapata jibu kabla yao.

Alafu kuna vimkia vya kuazima. Kilatini kilikuwa na "facere", kufanya, humo ndimo ilimotoka "factory", na "manufacture" ambayo kwa asili ni kufanya kwa mkono. Ndimo ilimotoka pia -fy. Simplify ni rahisisha, purify ni safisha, satisfy ni ridhisha. Kiingereza chenyewe kina pia -en yake ya asili, ya kubandika kwenye sifa na majina, shorten ni fupisha, strengthen ni imarisha. Ukikutana na neno jipya lenye -fy au -en mwishoni jaribu kwanza kuweka -sha kwenye Kiswahili, mara nyingi utakuwa umelipata.

HATUA YA 6: Fanya, piga, na mazoea ya maneno

Hapa hakuna kanuni kali, ni kukariri kwa sikio. Ila kuna kitu cha kukusaidia, angalia "piga" yetu. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga hatua, hakuna aliyepigwa hapo. Mgeni anayejifunza Kiswahili anateseka na "piga" vile vile sisi tunavyoteseka na "make". Tena zinakutana sehemu kadhaa, piga simu "make a call", piga kelele "make noise", piga hatua "make progress", piga hela "make money". Ila piga picha ni "take a photo".

"Fanya" ndio yenye mitego zaidi. Fanya makosa "make a mistake", fanya uamuzi "make a decision", fanya juhudi "make an effort". Lakini fanya biashara, utafiti, mazoezi, homework, zote "do". Mtihani "do" au "take". Sherehe na kikao usitumie hata moja, sema "have a party", "have a meeting". Mara nyingi "make" inaacha kitu nyuma, uamuzi upo, kosa lipo, kelele imesikika, na "do" ni shughuli yenyewe. Haifanyi kazi asilimia mia ila itakubeba mbali.

Nyingine zijifunze kama zilivyo: weka ahadi "make a promise", tandika kitanda "make the bed", andika wasia "make a will", pata marafiki "make friends", hakikisha "make sure", pisha "make way". "It makes sense" ni inaingia akilini.

HATUA YA 7: Make na vineno vidogo

Chache zinatosha. "Make up" ni kutunga uongo, "he made up the story", pia ni kupatana baada ya ugomvi, na kwa kuunganisha ndio ile mekapu ya bibi harusi. Wafaransa nao mekapu wanaiita "maquillage", na mizizi yake inarudi kwa hao hao Waholanzi wa zamani na "maken" yao, kwaiyo ni ndugu waliopitia njia tofauti. "Make it" ni kufika au kufanikiwa, mtu akikwambia "I can't make it" ujue haji. "Make out" ni kung'amua kitu kisichoonekana au kusikika vizuri, ila Marekani ni kupigana mabusu, kuwa makini unamwambia nani. "Make do" ni kubanana na kilichopo.

HATUA YA 8: Zoezi

Kila jioni fungua meseji zako za siku hiyo, tafuta kila kitenzi chenye -sha au -za, kiandike kwenye moja ya zile safu tatu. Usitafute sentensi za kitabuni, tumia maneno uliyoyaandika mwenyewe. Asili ya neno ukitaka kuichimba, tovuti ya Etymonline ni ya bure, na mwenye nafasi aende Maktaba Kuu pale Bibi Titi akakae na kamusi kubwa za kwenye makaratasi.

Jaribu hizi kwanza bila kuangalia chini:

a) Mvua imetuchelewesha.
b) Nikopeshe elfu tano.
c) Fundi ametengeneza pikipiki.
d) Tulisubirishwa nje.
e) Amenifikirisha sana.
f) Kiatu hiki ni cha ngozi.
g) Mama amemnywesha mtoto dawa.

Majibu. a) The rain made us late. b) Lend me five thousand. c) The mechanic has fixed the motorbike, na kama kweli ameiunda mwenyewe kutoka vyuma, basi "made" ni sahihi na apongezwe. d) We were made to wait outside, "to" imerudi. e) He really made me think. f) This shoe is made of leather, maana ngozi bado unaiona. g) Hii ina majibu mawili, "gave the child medicine" kama mtoto alikunywa kwa hiari, na "made the child take the medicine" kama alishikwa pua. Kiswahili kinaruhusu zote mbili kwa neno moja, kwenye Kiingereza lazima uchague.